Toleo la Shangazi Radi Lililokosa Mwisho

Wino alikuwa amekaa kando ya cherehani ya mama yake, akipanga karatasi. Walimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikuishiwa madoa ya kalamu. Tangu darasa la tatu alichora katuni ya Shangazi Radi, mwanamke mnene anayeruka angani na aproni yake, akikimbiza wezi kwa mwiko. Kila toleo jipya, Wino alikunja karatasi na kuzipachika moja ndani ya nyingine, kisha mama alipitisha mshono katikati. Darasa zima liligombania kulisoma.

Safari hii michoro haikuwa yake. Wino alikuwa ameteguka mkono alipoanguka uwanjani, na mwalimu wa sanaa alitaka toleo la kuweka mezani siku ya kufungua maktaba ya shule.

"Liwe hadithi kamili," mwalimu alisema. "Hata mgeni asiyemjua Shangazi Radi aielewe mwanzo hadi mwisho."

Kazi akampa Kimya, msichana mpole aliyekaa dawati moja na Wino.

"Umeona ukurasa wa kwanza?" wenzake walimwambia Wino. "Shangazi anaruka juu ya mapaa, utadhani atatoka kwenye karatasi! Umepata mpinzani, dada!"

Wino alicheka, lakini wivu ulimchoma. Shangazi Radi ni wangu, aliwaza. Nimemlea miaka yote hii, leo mtu aje amchukue kirahisi hivi?

Sasa ukurasa ule ulikuwa mapajani mwake. Ulikuwa mzuri kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mama alipoinama kutunga uzi, Wino aliichomoa ile karatasi iliyokuwa chini ya jalada, akaisokomeza kwenye mkoba bila kuitazama mara ya pili.

"Mbona leo kitabu chembamba?" mama aliuliza.

"Ndivyo alivyochora, mama."

Mama akakanyaga cherehani, mshono ukapita.

Kesho yake mwalimu aliwasomea darasani. Hadithi ilianza Shangazi Radi akiwa tayari amefungwa kamba mnarani. Alipojifungua tu na kuinua mwiko wake, likaja jalada la nyuma.

"Imeisha?" mmoja aliuliza.

"Kimya, hadithi yako haina kichwa wala mkia!"

Darasa likaangua kicheko.

"Nilimaliza, mwalimu," Kimya alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilichora mwisho."

"Siuoni," mwalimu alijibu. "Wageni wanakuja Ijumaa. Hili haliwezi kwenda maktaba hivi." Akamrudishia Wino toleo lile alipeleke kwa mama yake.

Wino alishangaa. Yeye alitoa mwanzo tu, mwisho ulikwenda wapi? Ndipo akakumbuka. Karatasi ya nje ikikunjwa, nusu moja hukaa mwanzoni mwa kitabu na nusu nyingine mwishoni. Alikunja matoleo yote yale kwa mikono yake, lakini wivu ulimsahaulisha.

Nyumbani aliikunjua. Kwenye nusu ya pili, Shangazi Radi alikuwa ametua dirishani kwa msichana mwenye bandeji mkononi na madoa ya kalamu vidoleni. "Pona haraka, mwanangu," alikuwa akisema. "Bila mkono wako, mimi nisingeruka."

Wino alimpelekea mama karatasi ile akilia, akasema yote. Mama hakugomba. Alichukua kiwembe, akafumua mshono taratibu.

"Vaa viatu," alisema. "Twende kwao ukamweleze kwa mdomo wako."

Kimya alifungua mlango, macho mekundu.

"Nilidhani nimeipoteza," alisema alipoiona karatasi. "Nimepekua mpaka chini ya kitanda."

"Niliichomoa mimi. Nilikuonea wivu. Nisamehe, Kimya."

Kimya aliichukua karatasi. "Wamenicheka, Wino."

"Nitawaambia wote ni mimi."

Na kweli, asubuhi alisimama mbele ya darasa akasema yote. Mwalimu alimkemea vikali, kisha akalipokea toleo lililoshonwa upya.

Siku ya Ijumaa watoto wadogo walilizunguka mezani, wakisukumana. Mama wa Wino alisubiri wamalize, akalifungua ukurasa wa mwisho na kumwita binti yake.

"Wivu humpata kila mtu, mwanangu. Hata mimi hunipata nikiona mshono mzuri wa fundi mwingine. Kosa ni kuufuata unakokutuma." Akaweka kidole juu ya msichana wa dirishani. "Ulitaka kumtoa Kimya kitabuni. Tazama ulimtoa nani."