Mrithi wa Ulodi

Haya yalimkuta rafiki yangu Yudith, ambaye huongoza wageni hapa Lushoto, na sijawahi kumsikia akitia chumvi.

Alipata mgeni Mwingereza, mzee aliyekuwa akitafuta kaburi la baba yake mkubwa, mlowezi wa zamani. Kwao kulikuwa na cheo cha ukoo, Lodi, kinachorithiwa na mtoto wa kiume wa mkubwa. Kama baba mkubwa hakuacha mtoto, Lodi alikuwa yeye. Cheo chenyewe hakina shamba wala kazi. Ni neno tu la kutanguliza mbele ya jina, na kwa neno hilo mtu mzima alivuka bahari kuja kufurahi kwamba baba yake mkubwa hakuzaa.

Kaburi walilikuta msituni alasiri, liko peke yake. Mgeni hakuinamisha hata kichwa. Alilipiga picha, akacheka.

"Hakuna mtoto hapa," alisema. "Kuanzia leo niite Lodi."

"Sawa, mzee," Yudith akajibu.

"Lodi," alirudia kwa ukali, akaondoka.

Ukungu ukashuka, giza likatanda hadi Yudith hakuona mikono yake. Alisikia matone tu yakidondoka majanini. Akahofia mgeni asije akatumbukia korongoni, akaita, "Lodi!"

"Nipo," mgeni alijibu kwa mbali, upande wa njia.

Na pembeni ya kaburi, mahali pasipo na jiwe, sauti ya mvulana mdogo ikaitika kutoka chini ya udongo, "Naam."