Nafasi ya Ngoma Ndogo

Kitumbo hakushtuka. Hilo ndilo lililomfanya mama yake ageuke.

Mtoto wa miezi mitano, ambaye kijiko kikidondoka jikoni huangua kilio kama kapigwa, leo baba yake amekanyaga pedali, ngoma kubwa imeguna mpaka dirisha likatetemeka, na yeye katulia begani, anatabasamu. Alikuwa anatazama pembeni mwa kabati, pasipo na mtu.

"Kazoea," alisema Baba Kitumbo. "Damu ya mpiga ngoma hiyo."

"Kazoea lini? Ndiyo kwanza umeanza."

Chumba chao cha kulala kilikuwa kimegeuzwa studio ya wasionacho. Godoro limesimamishwa ukutani, mablanketi yananing'inia kwenye kamba, na fundi cherehani wa jirani, Mungu amlipe, aliwapa gunia la vipande vya nguo wazibe mlango. Walirekodi mchana, majirani wakiwa kazini. Maiki ilikuwa moja, ya kuazima, na maiki moja haiwezi kuzisikiliza ngoma zote kwa pamoja. Ile kubwa huzimeza nyingine. Kwa hiyo Baba Kitumbo alirekodi moja moja, azipange baadaye kwenye kompyuta. Leo ilikuwa zamu ya ngoma kubwa ya mguuni. Mikono yake ilipiga mto asije akapoteza mapigo, na kila mahali pa ngoma ndogo aliacha nafasi.

Alipovaa hedifoni kusikiliza, akakunja uso.

"Mama Kitumbo, umegonga ile ndogo?"

"Nimebeba mtoto. Ningeigonga kwa pua?"

Ngoma ndogo ilikuwa jikoni, imefunikwa shuka. Lakini ndani ya hedifoni ilikuwa inalia, tena vizuri, ikiangukia kwenye kila nafasi aliyoiacha. Mtu mwingine angekimbia. Baba Kitumbo alikuwa mwanamuziki, na mwanamuziki akimsikia mwenzake anapiga sawasawa, moyo humlainika. Akacheka, akainamia maiki.

"Karibu, bwana. Endelea, mimi nakuachia nafasi."

"Utamkaribishaje usiyemjua?" mkewe aliuliza.

"Utani tu, mke wangu."

Tangu siku ile chumba kikaanza kunuka ngozi mbichi, kama ya mnyama aliyechunwa sasa hivi, hata madirisha yakiwa wazi. Baba Kitumbo akijiandaa kupiga matoazi, anakuta kwenye kompyuta yameshapigwa. Na Kitumbo akaacha kulia. Halii akilowa, halii kwa njaa. Mama hukumbushwa kumnyonyesha na maumivu ya kifua kilichojaa, na mtoto hunyonya kidogo kama anayefanya fadhila, macho yakiwa pembeni mwa kabati. Tumbo lililompa jina likaanza kunywea.

Mchana mmoja, kazi ikiendelea, mama alikuwa amemlaza mapajani, akagundua kwamba mtoto anapumua kwa kufuata mapigo, ngoma ikilia anavuta pumzi, ikinyamaza ananyamaza nayo, na mumewe alipoinua mguu apumzike kile kifua kidogo kikabaki kimetulia, kimetulia tu, mpaka mama akasema kwa sauti asiyoijua kuwa ni yake, "Piga, baba, piga," na mume, bila kuelewa, akapiga, na mtoto akavuta hewa.

Ndipo mama alipozivaa hedifoni mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nyuma ya ngoma, mbali, kama kutoka nyumba ya tatu, mtoto alikuwa analia. Mama hakosei kilio cha mwanawe. Alikuwa Kitumbo. Na Kitumbo alikuwa mapajani pake, mdomo kaufumba.

"Nafuta vyote," mume alinong'ona, naye alipozisikiliza.

"Usiguse. Ukifuta, unamfuta nani?"

Wakamwita shangazi yake mume, mkandaji wa watoto, ambaye watu humfuata pia kwa mambo yasiyoshikika kwa mkono. Hakumgombeza mtu. Alifua kwanza nepi zilizorundikana, akamkalisha mama wa mtoto, akampa chai na kusubiri aimalize. Kisha akasikiliza zile ngoma.

"Mgeni aliyekaribishwa kwa ngoma hatoki kwa maneno," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimpa nafasi, mwanangu. Sasa kaa uzipige zote mwenyewe, usiache hata pa kupenyeza sindano. Akikosa pa kukaa, atakiachia alichokishika. Maiki iache wazi, nimsikie akitoka."

Baba Kitumbo akaileta ngoma ndogo kutoka jikoni, akapiga. Alipiga kubwa na ndogo na matoazi, jasho likimwingia machoni, shangazi kaegesha hedifoni kwenye sikio moja akinong'ona, "Yupo, bado yupo," na harufu ya ngozi ikawa nzito mpaka ikakaa kwenye ulimi, na kila mkono wa Baba Kitumbo ulipochelewa kidogo tu ngoma ndogo ililia yenyewe mbele ya macho yao, ikibonyea kwa kiganja kisichoonekana, hadi mama akamfunga Kitumbo mgongoni, akasogea, akaanza kuzijaza zile nafasi kwa kiganja chake, akipiga pale mumewe aliposhindwa, akipiga vidole vimekufa ganzi, akipiga bila kusikia tena anachopiga, na kitu kikachanika hewani kama ngozi kavu, na mgongoni mwake Kitumbo akaangua kilio.

Hakuna aliyewahi kusikia muziki mtamu kama ule.

"Ametoka," alisema shangazi. Akazilaza hedifoni sakafuni, akaenda kufungua dirisha. Baba Kitumbo aliegemeza paji la uso juu ya ngoma, akalia kimyakimya.

Mama akaketi chini, akampa mtoto titi. Kitumbo alilidaka kwa pupa, akanyonya huku anaguna, ngumi kaifumba kwenye nguo ya mama yake. Chumba kilikuwa kimya.

Hedifoni zilikuwa karibu na goti lake, na ndani yake mtoto alikuwa analia. Kilikuwa kilio cha njaa, kinachosita na kuanza upya, kama cha mgeni anayejifunza kulia. Mama akataka kumwita shangazi. Lakini titi lake la pili lilikuwa limeshakisikia. Maziwa yalikuwa yanachuruzika yenyewe, yanamwitikia.