Glasi Iliyonuswa

Foleni ya malori ilifika hadi mlangoni mwa duka la vinywaji la Tunduma alikouza Kalisti. Ilikuwa mwaka 2008. Yunisi alipenya kati ya malori mawili, ameinua pindo la gauni lake la njano lisiguse grisi, akaingia akihema.

"Kaka, nipe wiski nzuri. Baba yangu anastaafu ualimu."

"Umewahi kuionja?"

"Mara moja. Kifuniko kimoja tu, nikalia."

"Ulimeza kama kwinini, dada. Njoo huku."

Kalisti alikuwa ameosha glasi miaka mitatu kwenye hoteli moja ya Ndola, na mhudumu wa baa wa huko alimfundisha kuonja wiski. Akammiminia Yunisi kidogo sana.

"Itazame kwenye mwanga. Sasa nusa, mdomo wazi kidogo. Usiharakishe." Akadondosha matone mawili ya maji. "Nusa tena."

Honi zikawa mbali. Yunisi alifumba macho.

"Asali," akanong'ona. "Na mbao mpya. Na moshi, kama jirani anapika."

"Lamba tu. Iache itembee ulimini."

Alipofumbua macho, Kalisti hakuwa akiitazama glasi.

Miezi minne baadaye, Kalisti alivaa koti la kijivu akaenda Vwawa kujitambulisha nyumbani kwao Yunisi kama mchumba. Mzee Mbonile, baba mtu, aliifungua chupa ileile aliyoletewa na binti yake, akamimina, akanywa funda la kwanza mwenyewe ili mgeni ajue kinywaji ni salama. Kisha akampa glasi.

Kalisti aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini alikuwa na hofu, na mikono ikafanya ilichozoea. Akainua glasi dirishani. Akanusa. Akanusa tena.

Mzee aliweka chupa chini.

"Kijana," mzee akasema, "nimekunywa mbele yako. Unatafuta sumu gani?"

Kalisti alimtazama Yunisi. Yunisi alitazama zulia.

Kesho yake simu iliita.

"Yuni, mpenzi, ungewaeleza."

"Niwaeleze nini? Kwamba binti wa mzee wa kanisa alifundishwa kunusa pombe kaunta ya Tunduma?"

"Kwa hiyo bora mimi nionekane namwita baba yako mchawi?"

Yunisi akakata. Wiki tatu zikapita bila hata kubipiana. Mchana alishona sare za shule, na kila moshi wa jikoni ulimrudisha kwenye kaunta ile.

Siku moja akaweka mkasi chini. Akaichukua chupa kabatini, akamimina mbele ya baba yake, akainua glasi kwenye mwanga, akanusa.

"Nani kakufundisha huo upuuzi?"

"Kalisti. Hakutafuta sumu, baba. Ndivyo anavyokiheshimu kinywaji. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa kukuogopa."

Akadondosha maji, akalamba kwanza, akampa. Mzee Mbonile alikunja uso. Akanusa, kwa ubishi. Kisha akanusa polepole, na mabega yakashuka.

"Kuna moshi," akasema. "Ule wa darini, mama yangu alipokausha mahindi."

Alikaa na pua kwenye glasi muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mpigie huyo mnusaji."

Kalisti alipokea, malori yakinguruma nyuma yake.

"Baba anasema uje Jumapili."

"Kuomba radhi?"

"Uje na wazee wako, wewe! Na anauliza, maji ni matone mawili au matatu?"

Kalisti alikaa juu ya kreti.

"Mawili," akasema. "Mwambie asiharakishe."

"Yeye hana haraka," Yunisi akajibu. "Wewe ndiye uharakishe."