Jaribio Aliloliruka Nelima

Kila asubuhi ya likizo Nelima alichota maji kwenye mfereji wa ploti, akapika chai, akaitia kwenye chupa, kisha akampelekea baba yake kazini. Walikaa mtaa wa Landless, mjini Thika. Mzee Absalom, baba yake, alikuwa bawabu wa zahanati ndogo iliyopakana na kinu cha posho cha kusaga mahindi. Tangu mkewe afariki, chai yake aliinywa langoni peke yake, huku akilitazama paa la zahanati kwa jicho baya.

"Ona bati hilo," alisema asubuhi hiyo. "Wakubwa wa kamati wamekuja na suti zao, wakasema tumeshughulikia. Mvua inanyesha ndani, kadi za chanjo za watoto zinaoza, panya wanazila, na wao bado wanashughulikia!"

Kwa ajili ya kadi hizo alikuwa amekuja fundi wa kompyuta kutoka Gitothua, kule Ruiru, dada mmoja aitwaye Zubeida. Alileta kompyuta kubwa aliyoiita seva, inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux. Humo alitaka kuweka hifadhidata, yaani programu ya kutunza kumbukumbu za kila mtoto: jina, chanjo na tarehe aliyochanjwa. Nelima alipenda kukaa karibu naye, na kwa kuwa hakuwa mtoto wa kugusagusa vitu ovyo, Zubeida akawa anamfundisha.

"Dada Zubeida, mbona haifanyi kazi mara moja?"

"Kwa sababu nimeletewa mahindi, si unga," Zubeida alicheka. "Kwenye diski hii kuna maandishi ya waliotunga programu, basi. Ni lazima tuyasage hapa hapa, ndani ya mashine itakayoyatumia. Tunaandaa, tunajenga, tunajaribu, ndipo tunaiweka. Lile jaribio ndilo chekecheke letu. Usiliruke hata siku moja."

Mchana Zubeida alitaka kwenda Ruiru kuchukua betri ya kuilinda seva stima ikipotea. Mashine ilikuwa katikati ya kujenga, maandishi yakipanda kwenye kioo kama siafu.

"Mzee Absalom, nimwachie Nelima aiangalie?"

"Mwachie tu. Huyu akisema jambo limefanyika, limefanyika."

"Haya, Nelima. Amri zako ni hizi hapa. Lakini stima ikipotea, usiendelee pale ilipoachia. Huenda kuna faili lililoandikwa nusu. Futa kilichojengwa, uanze upya."

Zubeida alipoondoka, Cindy, rafiki yake Nelima, alichungulia dirishani akiwa na mpira wa soksi mkononi.

"Sasa, daktari wa kompyuta! Unalinda televisheni isiyo na picha? Njoo tucheze kati, tumepungukiwa na mtu."

"Siwezi. Niko kazini."

"Kazi gani? Hiyo kitu inajifanyia yenyewe!"

Na kweli, ilikuwa ikijifanyia yenyewe. Nelima akatoka. Alikuwa katikati ya mchezo, akiukwepa mpira, kinu cha posho kiliponyamaza ghafla. Stima imepotea! Alikimbia ndani, akakuta kioo cheusi.

Stima iliporudi, alijua la kufanya. Lakini akianza upya, Zubeida angemkuta kazi haijaisha, na angeuliza alikuwa wapi stima ilipopotea. Basi akaendeleza ujenzi pale ulipokatikia. Ulipokwisha, akaona jaribio lenyewe nalo ni refu. Akaliruka. Akaandika amri ya mwisho, programu ikawekwa.

"Majaribio je?" Zubeida aliuliza aliporudi na betri.

"Yamepita yote, dada."

"Si nilikuambia?" Mzee Absalom alisema kutoka langoni, na akatabasamu. Nelima hakuwa ameliona tabasamu hilo kwa muda mrefu. Siku hiyo halikumfurahisha.

Kesho yake Zubeida na Sista Magdalene, muuguzi wa zahanati, waliingiza kadi za katoni ya kwanza kwenye seva. Zilipokwisha, Sista akainyanyua katoni.

"Hizi naenda kuzichoma. Zimejaa mkojo wa panya, zitatuletea ugonjwa."

Nelima alimtazama akielekea kwenye shimo la takataka na kiberiti mkononi. Baba yake alikuwa pale pale langoni. Akisema, baba atasikia. Asiposema, kadi zitakuwa majivu.

Njiti ya kiberiti iliwaka.

"Sista, ngoja!" alipiga kelele. "Usichome! Sikujaribu! Stima ilipotea nikiwa nje nacheza, nikaendelea tu!"

Sista aliipuliza njiti, akairudisha katoni ndani. Zubeida hakumgombeza. Aliketi kwenye seva, akaandika amri ya kujaribu. Mstari baada ya mstari ukapita, hadi ilipofika zamu ya tarehe. Hapo mashine ikaandika kwamba jaribio limefeli. Zubeida akaiuliza seva ni watoto gani walichanjwa mwezi wa Machi. Ikajibu hakuna, ilhali kadi za Machi zilikuwa tele katonini.

"Lile faili la nusu," Zubeida alisema. "Watoto hawa wangedungwa sindano mara ya pili, au wasidungwe kabisa. Umesema kadi zikiwa bado zipo. Sasa tufute, tusage upya."

Safari hii Nelima hakuondoka. Cindy alikuja dirishani na mpira wake, akapiga kelele, "Wee, macho yatageuka mraba!" Nelima akampungia mkono tu. Aliyaona majaribio yote yakipita, pamoja na yale ya tarehe, ndipo akamwita Zubeida aje ashuhudie kabla ya kuandika amri ya mwisho.

Jioni alimkuta baba yake langoni. Alitarajia fimbo.

"Keti," Mzee Absalom alisema. "Mama yako alipolazwa, faili lake lilipotea. Kila siku niliambiwa, lipo, mzee, tumeshalishughulikia. Hakuna aliyelitafuta. Hakuna aliyeniambia ukweli mapema ili nimpeleke kwingine."

Nelima aliinamisha kichwa.

"Mimi sikusoma, mwanangu. Hiyo kompyuta siijui. Lakini nawajua watu wanaosema limefanyika na halijafanyika. Jana ulikuwa mmoja wao. Leo umetoka kwao. Kazi ukiiharibu, sema siku hiyo hiyo, bado kukiwa na cha kuokoa."

Alimimina chai iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa, akampa binti yake anywe.