Ndoo ya Koliflawa

Kila Jumatatu na Alhamisi, akitoka shule, Zaitun alipita sokoni Kasulu kununua koliflawa mbili. Alizibeba kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na sare yake, kama mtu anayekwenda kumtupa kuku aliyekufa kwa kideri. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hakuwa mtoto wa kuchagua chakula. Lakini hicho kidude cheupe, chenye vichwa vingi kama uyoga uliobanana, alikichukia kwa roho yake yote.

"Shikamoo, Mama Pelagia."

"Marahaba. Amahoro, binti Khatibu!" Mama Pelagia alikuwa mkulima wa mboga kule Kagerankanda. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, naye alizaliwa huku huku. "Baba anaendeleaje? Wali wa koliflawa anaupenda?"

"Anaupenda sana," alijibu Zaitun, akaondoka upesi asije akaulizwa la pili.

Habari yenyewe ilianzia kliniki. Baba yake, Mzee Khatibu, muuza vitenge pale mjini, aligundulika ana ugonjwa wa sukari. Tena alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, baada ya kuchunwa na kiatu kipya, na kidonda hicho kilikataa kupona. Muuguzi Esteri alimwambia waziwazi kwamba sukari isiposhuka, kidole kinaweza kukatwa. Ameze dawa kila siku, na wali na ugali avipunguze sana.

Kumpunguzia wali Mzee Khatibu ni kama kumnyima usingizi. Alilalamika mpaka muuguzi akamhurumia. "Basi, siku ukiutamani wali, watu wako wakukwangulie koliflawa iwe punje punje, waipike badala ya mchele," alimwambia. "Ile ni mboga, wanga wake ni kidogo. Hata ukila sahani mbili, haina neno."

Bahati mbaya mama yake Zaitun alikuwa Kibondo. Dada yake Mama alijifungua mapacha, naye Mama asingerudi mpaka arobaini ipite. Jikoni alibaki Bibi Mwanaheri, mama yake Baba, na msaidizi wake akawa Zaitun.

Bibi aliigeuzageuza koliflawa ya kwanza mkononi, akaigonga kwa kucha. "Nyeupe, ngumu, na inakaa mahali pa wanga," alisema. "Huyu ni ndugu wa muhogo. Na muhogo usipolowekwa unaua, mwana wanje. Mimi nimewaona kwa macho yangu waliokufa."

"Lakini Bibi, Baba anasema ni mboga tu."

"Baba yako anajua vitenge. Lete ndoo."

Basi koliflawa ikakatwakatwa, ikatiwa ndani ya ndoo, ikamwagiwa maji, ikafunikwa kwa jani la mgomba na kuwekwa nyuma ya jiko siku tatu kamili, kama wafanyavyo Waha wote na muhogo wao. Hakuna aliyemwambia Bibi kwamba muhogo ukilowekwa unakuwa chakula, na koliflawa ikilowekwa inakuwa uozo.

Siku ya tatu Zaitun alipofunua lile jani, harufu ilimpiga usoni akarudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa harufu ya kabichi iliyooza, na soksi zilizolowa mvua, na kitu kingine ambacho hakutaka kukitaja. Juu ya maji palielea povu la kijivu, na vile vichwa vyeupe vilikuwa vimelegea na kuota utelezi. Kazi yake ilikuwa kuvitoa kwa mikono, kuvikamua, kuvisaga na kuvichemsha. Ute ulimpenya katikati ya vidole. Aliziba pua kwa bega, akapumulia mdomo, na huko mdomoni akaionja ile harufu.

Jioni hiyo Baba alitia kijiko kinywani. Alitafuna, akaacha kutafuna, machozi yakamlengalenga. Bibi alikuwa anamtazama.

"Mashallah," alisema Baba alipofanikiwa kumeza. "Kitamu."

"Nilijua," alisema Bibi, akaonja chake, akakisukuma kwa maji glasi nzima. Zaitun alionja kidogo, akakimbilia migombani na kutapika. Aliporudi alisema ana homa.

Kesho yake darasani, Dorcas aliyekaa naye dawati moja alisogea mpaka ukingoni. "We Zaitun, umeshika nini? Unanuka!"

"Dagaa," alisema Zaitun, akaificha mikono chini ya dawati. Alikuwa ameisugua kwa sabuni na majivu na ndimu, na bado vidole vilinuka. Alitamani kulia.

Alivumilia ndoo ya pili. Alivumilia na ya tatu, ingawa siku hiyo inzi walikuwa wamemtangulia. Ya nne alipoifunua akaona funza mmoja mnene anaogelea polepole juu ya povu, alisema kwa sauti, peke yake, "Hapana. Siwezi."

Stoo palikuwa na gunia la chenga za mchele walizonunuliwa vifaranga. Zaitun alisimama akizitazama. Vipande vidogo, vyeupe, punje punje. Ukizipika chenga, nani atazitofautisha na koliflawa iliyosagwa? Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu, na Baba hakuwahi kuiona koliflawa iliyopikwa na mtu mwingine. Aliimwaga ndoo yote kwenye shimo la taka, akafukia kwa majivu, kisha akachota chenga mabakuli mawili, akazipepeta na kuzipika kwa kitunguu.

Baba alikula kijiko kimoja, akamtazama Bibi, akamtazama binti yake. "Leo mmepatia!" alipiga kelele. "Wallahi, hii ni kama wali wenyewe!"

"Ni kuloweka tu," alisema Bibi kwa maringo. "Siku tatu, si mbili wala nne."

Baba akala sahani mbili, maana muuguzi alisema sahani mbili hazina neno.

Ikawa hivyo wiki mbili. Zaitun alinunua koliflawa kama kawaida, akailoweka Bibi akiona, akaimwaga Bibi asipoona, na chenga alizopika zikapashwa moto kila jioni mpaka ndoo nyingine iwe tayari. Mikono yake iliacha kunuka na Dorcas akarudi katikati ya dawati. Kila jioni Baba alimsifu mbele ya wageni. Mwanzoni sifa zilimwasha kidogo, baadaye akazizoea.

Kisha ikaja Jumapili ambayo Bibi alikuwa anaumwa magoti, akamwambia Zaitun amsaidie Baba kuosha kidonda. Zaitun alifungua kitambaa. Kidole kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheusi pembeni, na usaha umelowesha kitambaa. Harufu ikapanda. Zaitun aliijua harufu ile. Ilikuwa ndugu wa harufu ya ndoo, ila hii ilitoka kwenye nyama ya baba yake.

"Pole, mama," alisema Baba kwa aibu, akijaribu kuuficha mguu. "Najua inachukiza."

Zaitun aliosha kidonda chote bila kuziba pua. Aliyemchukiza siku ile alikuwa yeye mwenyewe. Usiku alijigeuza kitandani na kuamua: kuanzia kesho angerudia koliflawa ya kweli, hata ikiwa na funza kumi. Sukari ingeshuka kimya kimya na hakuna ambaye angejua. Uamuzi huo ulimpa usingizi.

Asubuhi aliomba ruhusa shuleni, akamsindikiza Baba kliniki. Muuguzi Esteri alimtoboa kidole cha mkono, akagusisha tone la damu kwenye kipimo, akakunja uso. Akapima tena.

"Kumi na tisa," alisema. "Mwezi uliopita ilikuwa kumi na mbili. Mzee Khatibu, dawa unameza?"

"Kila siku, asubuhi na jioni."

"Na chakula? Niambie kweli."

"Ugali nimeacha. Nakula maharage, mchicha, na wali wa koliflawa tu, haki ya Mungu. Muulize mpishi wangu huyu hapa."

Muuguzi alimgeukia Zaitun. "Ni kweli, binti?"

"Ndiyo," alisema Zaitun. Sauti ilitoka nyembamba.

Muuguzi alishusha pumzi. "Basi kama hagusi wanga na sukari bado iko huku juu, vidonge vimeshindwa. Naenda kwa daktari, nadhani leo tutamwanzishia sindano ya insulini ya kushusha sukari, na itakuwa ya kiwango kikubwa." Akainama kidogo, akamtazama Zaitun machoni. "Sasa nisikilize wewe mpishi. Sindano tunaipima kwa kufuata chakula anachokula. Tukishaanza, usije ukabadilisha chakula chake bila kuniambia. Akizoea kula kingi cha wanga, kisha ghafla asile, sukari inaweza kushuka mno. Anaweza kulala asiamke."

Muuguzi akafungua mlango. Zaitun aliona ule mpango wake wa jana usiku, mpango mzuri wa kimya kimya, na mwisho wake akamwona baba yake amelala.

"Ni chenga!" alilia. "Dada Esteri, usiende! Si koliflawa, ni chenga za mchele. Za vifaranga. Wiki mbili nampikia chenga, sahani mbili kila jioni. Ni mimi, Bibi hajui!"

Zaitun alisubiri kofi na halikuja.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza Baba hatimaye.

"Inanuka, Baba. Inanuka, ina povu, siku ile ilikuwa na funza. Nilishindwa kuishika."

"Subiri kwanza," alisema muuguzi. "Koliflawa ina povu na funza? Kwani mnaifanyaje?"

Zaitun akamweleza: ndoo, jani la mgomba, siku tatu. Muuguzi Esteri alishika kiuno, kisha akafunika mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika. "Mmeivundika! Mmeivundika kama muhogo! Jamani, Waha!" Kisha akapangusa macho, akawa mkali tena. "Sindano haina haraka leo. Kidonda nakisafisha na dawa ya usaha atapewa. Hizo chenga ziishe leo hii, na vidonge viendelee. Nyumbani ni vizuri pawe na mtu wa kumwangalia, na keshokutwa mrudi nipime."

Njiani Baba alitembea kwa kuchechemea. Walipofika sokoni alisimama kwenye meza ya Mama Pelagia. "Mama," alisema, "tunaomba uje utufundishe kupika mboga yako. Tumeiaibisha."

Mama Pelagia alikuja jioni hiyo hiyo na kikwangulio chake. Bibi Mwanaheri alipousikia ukweli wote alikaa kigodani akiwa amekunja mikono. "Na sumu je?" aliuliza kwa hasira. Mama Pelagia hakubishana naye. Alivunja kichwa kimoja cha koliflawa mbichi, akakitupia mdomoni, akakitafuna kwa sauti. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kama anasubiri aanguke. Hakuanguka.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa fupi. Mama Pelagia aliikwangua koliflawa ikiwa mbichi, akaikausha kwa kitambaa safi, akapasha sufuria yenye mawese kidogo na kitunguu, akaitia na kuigeuza dakika tano tu, bila tone la maji. "Ukiiloweka inaoza, ukiichemsha sana inanuka," alisema. "Inataka moto na haraka." Jiko halikunuka kitu ila kitunguu.

Walipokaa kula, Zaitun alibaki mlangoni. "Nisamehe, Baba. Nisamehe, Bibi."

"Kaa," alisema Baba. Alingoja mpaka akakaa. "Ulichofanya ni kibaya, Zaitun. Ulinilisha kitu cha kuniumiza na ukakubali kusifiwa. Ungenyamaza leo asubuhi, pengine mngenizika. Hilo usilisahau. Lakini uongo wa kwanza katika nyumba hii niliusema mimi. Siku ile ya kwanza nilisema kitamu."

Bibi aligeuka. "Hakikuwa kitamu?"

"Mama, nilitoa shahada kimoyomoyo, nikidhani nakufa."

Bibi akacheka mpaka magoti yakamuuma. "Mimi nilikimeza kwa maji ili nisikuvunje moyo wewe!"

"Unaona?" Baba alimwambia Zaitun. "Tulikuwa watatu, sote tunachukizwa, na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Mmoja wetu angesema tu 'kinanuka', tungetafuta njia siku hiyo hiyo. Kusema kinanuka si utovu wa adabu, mwanangu. Utovu wa adabu ni kumdanganya anayekuamini. Kidonda kikifunikwa hakiponi, kinaozea ndani. Nami ninacho cha mfano hapa mguuni."

Mama aliporudi kutoka Kibondo, wiki nne baada ya arobaini kupita, sukari ilikuwa imeshuka hadi nane, na ngozi mpya ya waridi imefunika kidole cha Baba. Hakuna kilichokatwa. Zaitun alimpikia Mama ile koliflawa, akajipakulia naye, akala mbele ya wote.

"Ehe, mpishi," aliuliza Baba. "Unaonaje?"

Zaitun alitafuna, akameza, akafikiri.

"Bado siipendi, Baba," alisema. "Na leo nimezidisha chumvi."

"Kweli umezidisha," alisema Baba, akasogeza sahani aongezewe.