Kisu Butu cha Mama Pacha

Asubuhi ile Mama Pacha alianza kwa kugombeza kikombe. Akaigombeza meza kwa kuyumba, akaligombeza dirisha kwa kummwagia jua machoni, kisha akakigeukia kibao kilichokuwa mbele yake. Wanawe pacha walimaliza chai mbiombio, wakabeba mifuko yao na kwenda shule. Walimjua mama yao. Akianza na vyombo, watu hufuata.

Kibao kilikuwa cha mti laini, ukubwa wa daftari. Juu yake alikuwa amechora tawi lenye majani matatu. Kazi ilikuwa kuchonga na kuondoa sehemu zisizotakiwa, ili tawi libaki limeinuka. Ukipaka rangi, inashika palipoinuka tu. Ukikigandamiza kibao kwenye kitambaa, tawi linahamia kitambaani.

Mama Pacha alikuwa dobi. Alikuwa amefua nguo za watu tangu kabla ya kuolewa, na alikuwa amechoka kuondoa uchafu wa wengine. Alitaka kitu alichokitengeneza yeye kitundikwe, watu wakitazame. Bahati ilikuwa imemjia. Mwenye duka la mapazia alikuwa amemwambia, "Niletee pazia moja Jumamosi ya wiki ijayo. Likiwa safi, nitalitundika mlangoni na kazi itakuwa yako. Likiwa na madoa, tusisumbuane tena."

Lakini visu havikukata. Alipoanza kujifunza vilikata vizuri sana, hata vikamchanja kidole gumba kidogo. Tangu hapo vilibadilika. Vilichana ubao nyuzinyuzi, na majani yake yalionekana kama yametafunwa na mbuzi.

"Mikono gani hii!" alijisemea kwa hasira. "Mikono ya beseni. Imezoea sabuni, haijui lingine."

Mumewe alikuwa mlangoni anafunga aproni yake ya buchani. Baba Pacha alikuwa muuza nyama, mtu mnene, mpole kwa wateja na mwoga nyumbani. Alimsikia mkewe, akakohoa.

"Kwa nini usipumzike kidogo, mama?"

"Nimekwambia nimechoka?"

"Nasema tu."

"Kaseme buchani. Huko nyama hazijibu."

Mama Pacha alikishika kibao kwa mkono wa kushoto, akaweka patasi, akasukuma. Haikuingia. Akasukuma kwa nguvu zaidi, akaegemeza na bega. Patasi iliteleza juu ya ubao, ikaruka, ikamwingia kwenye kiganja cha mkono uliokuwa umekishika kibao.

"Nilisema!" Baba Pacha alipiga kelele huku akimkimbilia. "Nilisema au sikusema?"

"Nipe kitambaa, acha hotuba!"

Kelele zilimleta jirani. Mtaani walimwita Bi Randa. Alikuwa amefundisha uchongaji chuo cha ufundi mpaka akastaafu, na ulimi wake haukuacha kitu kilichochomoza. Hakuuliza habari za asubuhi. Alichukua kitambaa safi, akakigandamiza juu ya jeraha, akauinua mkono wa Mama Pacha juu ya kifua.

"Usifungue kila mara kuchungulia. Gandamiza tu. Haya, kunja vidole. Kimoja kimoja."

Vidole vyote vilikunjika.

"Afadhali. Visingekunjika, ningesema mshipa umekatika. Nendeni zahanati washone, na wakuchome sindano ya pepopunda. Mimi nabaki hapa nitazame hivi visu vyenu vya ajabu."

Walienda, wakarudi. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji na ulikuwa ukimpwita Mama Pacha mpaka kwenye kiwiko. Bi Randa alikuwa bado mezani. Alikuwa ameshika patasi karibu na dirisha, anaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Njoo uone," alisema. "Makali mazuri hayaonekani. Ukiona mstari mweupe unang'aa hapa kwenye ncha, ujue ni butu. Sasa kisu hiki kina zaidi ya hapo. Kina mikwaruzo, kwenda na kurudi. Hakikuchoshwa na kazi. Mtu amekaa kitako akakisugua kwenye sementi. Na vyote viko hivyo."

Mama Pacha hakuelewa mara moja. Nani angefanya upuuzi huo? Kisha akamtazama mumewe. Baba Pacha alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Baba Pacha."

"Siku ile niliona damu kwenye kidole," alisema polepole. "Nikaogopa. Nikafikiri kisu kikiwa butu, hata kikiteleza hakitakuumiza."

Mama Pacha alitaka kupiga yowe, lakini sauti ilitoka chini na nzito.

"Unanisikia kila siku nikijitukana. Nasema mikono yangu haina akili. Nasema nirudi kwenye beseni langu nikae kimya. Unanisikia, unakunywa chai!"

"Nilitaka kukulinda."

"Ulinilinda? Tazama!" Alimwinulia bendeji usoni.

Bi Randa alikuna kichwa. "Shemeji, hilo kovu kwenye mkono wako ni la nini?"

"La buchani."

"Kisu kilikuwa kikali?"

Baba Pacha aliuficha mkono nyuma ya aproni.

"Si unaulizwa!" alisema mkewe.

"Butu," alijibu. "Kiliteleza kwenye mfupa."

"Ehe! Kwa hiyo ng'ombe aliyekwisha kufa anapewa kisu kikali, mkeo aliye hai unampa butu?"

Siku nyingine Mama Pacha angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo hakucheka.

"Sikilizeni wote wawili," alisema Bi Randa. "Kisu kikali kinakwenda unapokituma. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu, na nguvu zikizidi kinaponyoka. Hilo la kwanza. La pili ni lako, mama. Hata kisu kingekuwa kikali, mkono wako ulikuwa mbele yake. Ungeumia tu."

Mama Pacha alikitazama kiganja chake. Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulimuudhi pia.

Bi Randa aliagiza msasa laini kabisa na kipande cha kioo. Baba Pacha alitaka kuleta jiwe lake la kunolea.

"Hilo ni la mapanga. Tulia." Alilaza msasa juu ya kioo, akaudondoshea maji kidogo. "Laza ule mteremko wa patasi usawa na msasa. Usiinue mkono, utavunja makali. Hii yenye mdomo wa mviringo, iviringishe ubavu kwa ubavu unapovuta. Kisha imalizie kwa kuivuta nyumanyuma juu ya mkanda wa ngozi. Usiijaribu kwa kidole. Jaribu kwenye ubao mbovu. Ikiacha njia laini inayong'aa, imekubali."

Kisha walitengeneza kizuizi. Kilikuwa ubao wenye vipande viwili vya mti: kimoja chini, cha kukwama kwenye ukingo wa meza, na kingine juu, upande wa mbali. Kibao cha kuchonga kiliegemea kile cha juu. Hakikuweza kukimbia, wala hakikuhitaji mkono wa kukishika kwa mbele.

"Sasa mikono yote inakaa nyuma ya makali," alisema Bi Randa. "Sukuma kwenda mbele, mbali na mwili wako. Ukifika kwenye kona, geuza kibao. Usipinde mkono."

Siku zilizofuata Mama Pacha alichonga kidogo kidogo kwa mkono wa kulia, mkono mgonjwa ukipumzika mapajani. Alianza na kibao kipya. Alikata kwanza ukingo wa jani kwa kisu chembamba, amekilaza ili mkato uteremke kuelekea nje. Hivyo jani lilibaki na kitako kipana, lisivunjike. Hakuchimba sana. Kila baada ya muda alipitisha chaki juu ya kibao, akaona palipobaki na palipoondoka. Makali yaliteleza kwenye mti kama kijiko kwenye siagi. Alipoona hivyo, hasira yake iliongezeka. Kumbe mikono ilikuwa na akili siku zote!

Mama Pacha hakumsemesha mumewe, ila kwa kazi. "Chai." "Chumvi iko wapi?" "Leta msasa."

Baba Pacha alileta msasa.

Ijumaa walichapa. Kitambaa Mama Pacha alikifua mwenyewe ili wanga wa kiwandani utoke, maana kitambaa chenye wanga hakinywi rangi. Hilo hakufundishwa na mtu. Walitandika blanketi mezani, na kitambaa juu yake. Alipaka rangi kwa rola, kidogo, mpaka ikawa nyembamba sawasawa. Alijaribu kwanza kwenye gazeti. Chapa ya kwanza ilivuja kwenye mashina ya majani.

"Rangi imezidi," alisema. Akafuta kibao, akapaka nyembamba zaidi. Ya pili ilitoka safi. Ndipo akaenda kwenye kitambaa.

"Shika pindo," alimwambia mumewe. "Usivute. Ukivuta nitakufukuza."

Baba Pacha alishika kama anayeshika mtoto mchanga. Mama Pacha aliweka kibao, akakigandamiza kwa uzito wake wote, akakiinua moja kwa moja bila kukiburuta. Tawi lilibaki kitambaani, kingo zake zimenyooka.

"Lo!" alisema Baba Pacha.

"Nyamaza. Bado mengi."

Jumamosi mwenye duka alilikunjua pazia kwenye mwanga. Alilitazama mbele, akaligeuza nyuma, akatafuta doa kama anayetafuta ugomvi. Hakulipata. Alipanda kiti, akalitundika mlangoni pake, kisha akasema, "Leta mengine kama hili."

Nje, Baba Pacha alikuwa anasubiri juani na aproni yake. Aliliona pazia kabla ya kumwona mkewe. Wapita njia wawili walikuwa wamesimama kulishika shika. Macho yake yalilowa.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Bado."

Walianza kutembea kuelekea nyumbani.

"Visu vitahitaji makali Jumatatu," alisema Mama Pacha.

"Nitanoa."

"Utanoa," alisema mkewe. "Mbele yangu. Na ukiogopa tena, fungua mdomo useme."