Kibonge wa Jumapili

Mapenzi ya watu wengine huanza na ua. Haya yalianza na kichwa cha ng'ombe.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei, saa mbili asubuhi, foleni ya nyama ya kichwa dukani kwa Mzee Chuy, upande wa magharibi wa mji wa San Antonio, ilikuwa imetoka mlangoni, ikakata kona na kufika kwenye duka la matairi. Jumapili ya kule haihesabiwi mpaka nyama hiyo ifike mezani na chapati za mahindi na soda nyekundu. Waliotoka misa ya kwanza na waliotoka ulevini walipanga mstari mmoja, pua zao zikielekea dirisha lilelile. Katikati yao alisimama Delfina Arredondo, fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja, amevaa gauni la kitani la buluu alilojishonea mwenyewe. Marinda yake mapana yalizisitiri ratili mia tatu na kumi za mwili wake kwa heshima zote. Magoti yalikuwa yakimlalamikia tangu kwenye matairi.

Alipofika dirishani, mwanamume aliyemtangulia, mwenye shati la kazi lililotariziwa jina "Rogelio" kifuani, alikuwa ndiyo kwanza amechukua ratili mbili za mwisho.

"Imekwisha, binti yangu," Mzee Chuy alimwambia Delfina. "Labda nikupe utumbo."

"Utumbo ninao wangu, mzee. Huusikii unavyonguruma?"

Foleni ikacheka. Mwenye shati akageuka na vifurushi vyake. Alikuwa na masharubu yaliyochanwa vizuri na macho ya mtu aliyeachwa na mke zamani, akazoea kuzungumza na redio.

"Chukua kimoja," alisema.

"Sili chakula cha mtu nisiyemjua."

"Basi nijue. Rogelio Villarreal, natengeneza viyoyozi, nakoroma, na kula peke yangu kumenishinda."

"Kwa kukoroma huniwezi. Mimi nalala na mashine ya kupumulia."

"Basi twende tule kabla haijapoa, Kibonge."

Kwa watu wale neno hilo si tusi. Mume humwita mkewe Kibonge hata akiwa mwembamba kama ufito, na bibi huwaita hivyo wajukuu. Lakini asiyekujua akikuita hivyo mbele ya foleni nzima, inabidi uisikilize sauti. Delfina aliisikiliza. Haikuwa na mwiba. Wakaenda kula nyuma ya gari lake la kazi, kati ya mabomba ya shaba na mitungi ya gesi, mafuta yakiwachuruzika mpaka viwikoni.

Ikawa desturi. Jumapili baada ya Jumapili, mwaka na zaidi, Mzee Chuy aliwafungia vifurushi viwili bila kuulizwa, akaviandika kwa kalamu nzito: kimoja "Rogelio", kingine "Kibonge". Siku za katikati ya wiki ilikuwa kazi ya simu.

"Kibonge, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula vumbi la dari ya watu. Unashona nini?"

"Gauni la sherehe ya binti anayetimiza miaka kumi na mitano. Pinki, mita ishirini na mbili. Akikaa kwenye kiti, kiti hakionekani."

"Na kiuno?"

"Kiuno cha nani, wewe mzee mhuni?"

Wakicheka hivyo, mashine ya kupumulia ilikuwa ikimngoja kando ya kitanda, na sindano za kisukari zilikuwa kwenye friji, rafu moja na pilipili. Daktari alisema naye mara tatu. Ya tatu alisema polepole, na polepole ya daktari inatisha kuliko kelele. Jumapili iliyofuata, nyuma ya gari, Delfina akalitoa neno la daktari.

"Wanakata robo tatu ya tumbo," alisema. "Linabaki kama ndizi."

Rogelio akaacha kutafuna. "Ndizi mzuzu au ndizi kisukari?"

"Kisukari ninacho tayari. Hicho ndicho naenda kukitua."

Hakucheka. Akafuta masharubu, akakunja karatasi, akaikunjua. "Mimi nakupenda hivyo ulivyo."

"Na mama tulimpenda hivyo alivyo. Tukampenda, mguu wa kwanza ukaenda. Tukampenda, wa pili ukaenda. Tukampenda mpaka kwenye kile kiti cha kusafishia damu. Rogelio, hivi nilivyo ndivyo vinavyoniua."

Mwanamume akaizungusha chupa ya soda mkononi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeuliza kama mvua itanyesha siku ya sikukuu: "Na Jumapili?"

Delfina akafunga kifurushi chake. "Jumapili tutaona," alisema.

Yakafuata madarasa ya miezi sita: kutafuna, kupima, kunywa kwa mafunda madogo madogo. Mwanasaikolojia mmoja mwenye miwani ya kijani akamuuliza, "Chakula kisipokuwepo, siku ya huzuni utakimbilia kwa nani?" Delfina akajibu bila kufikiri, "Kwa Rogelio." Mama yule akaandika. Delfina akaona raha kuliona jina lile kwenye faili la hospitali, kama vile wameshaandikishwa ndoa.

Siku yenyewe, mwezi wa Februari, Rogelio alitembea kando ya kitanda chenye magurudumu, amelikumbatia koti la Delfina. "Nakungoja hapahapa, Kibonge," alisema mlangoni.

Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia Delfina kabla ya dawa ya usingizi. Alipozinduka, Rogelio alikuwapo, koti bado kifuani. "Delfina," alisema. "Unajisikiaje, Delfina?"

Delfina! Kama bwana wa kodi. Akadhani ni woga wa hospitali, utapita.

Haukupita.

Alirudi nyumbani na vikombe vidogo vya dawa, akawa anakunywa supu kama ndege. Baadaye vijiko viwili vya yai, kila tonge kutafunwa mara thelathini, maji nusu saa baada ya chakula. Akikosea, jasho lilimtoka na moyo ukamkimbia mpaka alale chini. Nywele zikaanza kubaki kwenye chanuo. Ratili zilianguka, thelathini, sitini, tisini, na wateja wakapiga vigelegele mbele ya vioo vyake: "Fundi, umekuwa msichana!" Sindano za kisukari zikatupwa. Magoti yakanyamaza. Angepaswa kucheza ngoma.

Lakini hakuna darasa lililomwambia kwamba chakula ni mwenzi wa nyumbani. Kilimpokea akitoka kazini, kikamtuliza akilia, kikakaa naye akitazama televisheni. Sasa alifungua mlango na nyumba ikamkodolea macho. Ndugu wakifanya sherehe walimficha sahani zao kama wanaomtoroka mgonjwa wa surua, mwishowe wakaona heri wasimwalike. Na Rogelio?

"Jumapili hii utakuja?"

"Jumapili nina kazi, Delfina. Joto limeanza, viyoyozi vinakufa kama nzi."

"Umekula?"

"Kidogo tu. Aah... tusiongee ya kula. Wewe pumzika."

Na simu zikafupika. Kila Jumatano jioni alikuja, akakaa pembeni ya kochi mikono magotini, akarekebisha kiyoyozi ambacho hakikuharibika, akaenda. Jumapili Delfina alikaa mbele ya cherehani akipunguza lile gauni la buluu. Alilipunguza Aprili, akalipunguza Juni, akalipunguza Agosti. Tumbo limekatwa robo tatu, aliwaza. Mapenzi nayo yamekatwa ngapi?

Septemba, binamu yake Consuelo, ambaye habari haijawahi kulala kwake hata siku moja, akapiga simu.

"Dada, umekaa? Kaa. Nimemwona Rogelio kwa Mzee Chuy. Vifurushi viwili!"

"Ana njaa."

"Kimoja kimeandikwa Kibonge. Kwa macho yangu haya."

Delfina akalisukuma gauni la mteja pembeni.

"Si wewe," Consuelo akaendelea, "wewe siku hizi unapita kwenye tundu la sindano. Basi nakuuliza: Kibonge yupi?"

Jumapili iliyofuata Delfina hakunywa wala kula chochote. Alivaa gauni la buluu, akapaka rangi ya mdomo mara mbili, akagonga mlango wa Rogelio saa tatu asubuhi.

Alifungua akiwa na fulana, chapati mkononi. Mezani palikuwa na sahani moja. Delfina akapita, akachungulia jikoni, akachungulia bafuni.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Kibonge!"

Rogelio alibadilika rangi. Delfina naye sakafu ilimchezea. Tumbo tupu, jua na hasira si vitu vya kuchanganya. Akashika mlango wa friji. Barafu, alifikiri, kipande cha barafu mdomoni. Akafungua sehemu ya juu.

Hapakuwa na barafu. Kulikuwa na vifurushi, vimepangwa kama matofali mpaka juu kabisa. Kila kimoja kiliandikwa kwa kalamu nzito ya Mzee Chuy: Kibonge. Kibonge. Kibonge. Vya chini vilikuwa vimeota ukungu mweupe wa baridi. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Kama kulikuwa na mwanamke hapa, basi alikuwa hali chakula.

"Kaa kwanza," Rogelio alisema, akamletea maji. "Kidogo kidogo. Kidogo."

Akanywa funda moja. Akangoja. Akanywa jingine. "Sema."

"Ulipokuwa ndani, muuguzi alinivuta pembeni. Akasema, neno hilo la Kibonge ukome nalo, litamrudisha alikotoka. Na usimletee chakula, na usile mbele yake. Nikatii." Akaivunja chapati vipande. "Nilipoyaondoa hayo yote, nikaona sina kingine cha kukuletea. Sikujua Jumapili mtu anasema nini bila nyama."

"Na hivi vifurushi?"

"Mzee Chuy hufunga viwili bila kuuliza. Ningemwambia asiandike kimoja? Nilishindwa. Ingekuwa kama nakuzika."

"Miezi saba, Rogelio! Mimi nafikiri nimekatwa pamoja na tumbo."

"Nilifikiri ndivyo unavyopona."

Delfina akacheka, kisha akalia, kisha akashindwa kujua anafanya lipi. "Liseme basi."

"Kibonge," alisema, kwa woga.

Wakalisikiliza wote wawili.

"Linanipwaya," Delfina alisema. Rogelio akainamisha kichwa. "Lakini mimi ni fundi, nitalipunguza. Usimpe mtu mwingine tu."

Akavuta kiti. Rogelio akampakulia vijiko viwili vya nyama ya siku ile, iliyokuwa bado ya moto, kwenye kisosi cha kikombe. Delfina akatia tonge la kwanza mdomoni, akafumba macho, akaanza kutafuna.

"Wanasema unakula mara ngapi kwa siku?" Rogelio aliuliza.

Akanyoosha vidole sita.

"Mara sita. Mimi nilikuwa nakutembelea mara moja kwa wiki." Akakuna masharubu. "Kuendesha gari mara sita kila siku siwezi, Delfina. Kibonge. Yeyote utakayekuwa. Tuoane tu."

Delfina alifumbua macho. Alikuwa ametafuna mara kumi na tisa, na sheria ni sheria. Akainua kidole kimoja: ngoja. Rogelio akangoja, akihesabu naye kwa midomo tu, ishirini, ishirini na moja, mikono yake magotini kama alivyokaa Jumatano zile zote kwenye pembe ya kochi. Ilipotimia thelathini akameza.

"Sawa," alisema. "Lakini sahani ziwe ndogo."